Jina la Faili Liseme Kilichomo

Mtaa mzima unamwita Mama Fainali, na ukimuuliza kwa nini, atakwambia watu hawana kazi za kufanya. Mpira haujui hata kidogo. Jina alilipata kwa mafaili yake. Mteja akija na barua, yeye anaichapa na kuisevu kwa jina "barua fainali". Mteja akirudi kusahihisha, inazaliwa "barua fainali mpya". Akirudi tena kubadilisha tarehe, inakuja "barua fainali kabisa", na nyuma yake "barua fainali kabisa hii hapa". Ukiwasha kompyuta yake, picha ya nyuma huioni. Ni vijifaili tu vimejazana kioo kizima, na kila kimoja kinadai kwamba chenyewe ndicho cha mwisho.

Mimi ni wifi yake. Nimeolewa na mdogo wake, na katika duka letu la uchapaji yeye ana meza ya kompyuta, mimi nina mashine ya kopi na ile ya kufunika vyeti kwa nailoni. Tunakaa mgongo kwa mgongo kutwa nzima, na makelele yetu wateja wameshayazoea. Mimi nasema sana, sikatai, hata mume wangu ananiita redio. Lakini kwa suala la mafaili nilisema mpaka mate yakanikauka.

"Wifi, ukifungua faili la mtu ili uandikie kazi nyingine, lisevu kwa jina jipya kwanza."

"Najua."

"Kwanza, wifi. Kabla hujagusa herufi hata moja."

"Wewe nawe! Nilianza kuchapa wewe bado unanyonya. Hebu nipishe nifanye kazi."

Na ni kweli alianza zamani, enzi za taipureta, na huko ndiko alikoitoa tabia yake. Wachapaji wa aina yake hawapendi ukurasa mtupu. Kila mmoja ana faili lake analolipenda, lililokaa vizuri pembeni, herufi za kupendeza, kichwa cha habari katikati bila kupinda. Kazi mpya ikiingia analifungua hilo, anafuta maneno ya mwenyewe, anaandika mengine palepale, anatoa karatasi. Linaokoa muda, hilo silikatai. Shida ni vidole. Vidole viwili vya mkono wa kushoto wa wifi yangu hubonyeza kusevu vyenyewe kila sentensi ikiisha, bila kutumwa, kama mtu anayefukuza nzi. Sasa ukisevu juu ya faili la mwenzio, lake ndilo limekwenda hivyo.

Mara nyingi hasara ilikuwa ndogo. Mtu anarudi kutaka barua yake ya maombi ya kazi, anakuta ni tangazo la mbwa aliyepotea. Tunacheka, wifi anaomba radhi, anaichapa upya bure, yanaisha. Bahati ikikubembeleza mara nyingi unaanza kuiona ni haki yako.

Basi, mbele yetu ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi saa. Meza yake, mbele ya chumba alichokaa, ilikuwa na kioo juu, chini ya kioo saa zimelala zimefunguliwa matumbo. Mzee mkimya. Salamu yake ilikuwa kuinua kibano. Siku moja alifunga meza mapema akavuka barabara, akasimama mlangoni akingoja mteja wangu aondoke.

"Nataka kuandikiwa maneno," alisema. "Ni marefu. Nitakuwa nakuja kila nikifunga kazi."

"Ya mahakamani?" wifi akauliza.

"Ya binti yangu."

Akatueleza akiwa ameshika kofia. Mkewe alifariki binti akiwa bado mchanga kabisa. Bibi mzaa mama akamchukua mtoto akamlee mji mwingine, na mzee akawa anakwenda kumwona, anapeleka viatu, anapeleka madaftari. Lakini habari za mama yake hajawahi kumsimulia. Binti aliuliza utotoni, akauliza tena alipokua, mwishoni akaacha kuuliza.

"Nikianza tu, naishia kumuuliza habari za shule," mzee akasema. "Mbele yake siwezi. Labda nyuma ya mtu mwingine."

Na hivyo ndivyo alivyofanya. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya wifi, uso kwenye ukuta, akawa anasema taratibu na wifi anachapa. Aliomba herufi kubwa kwa sababu ya macho yake. Aliomba pia kitu kingine: wifi asitoe karatasi hata moja mpaka yeye mzee amalize yote, kisha asomewe mwanzo mpaka mwisho, ndipo amtumie binti. Mimi nilikuwa nadaka maneno mawili matatu, mashine yangu ikinguruma silisikii lolote. Alikuja jioni nyingi. Faili wifi aliliita "fundi saa fainali", nami nikamwambia mwenyewe hajamaliza, fainali imetoka wapi? Akaniambia nishughulike na nailoni zangu.

"Basi jitumie nakala kwenye barua pepe," nikasema. "Au weka kwenye flashi. Maneno ya mtu hayo."

"Kesho."

Kesho ya wifi yangu naijua mimi.

Kisha asubuhi moja meza ya fundi saa haikufunguliwa. Tukasikia ameanguka bafuni. Kiharusi. Kimemchukua upande wa kulia na kimemchukua kauli. Anasikia, anaelewa, anakutazama machoni, lakini neno halitoki, na ukimpa kalamu mkono wa kushoto anachora mistari tu. Jirani zake walisema maneno yamemkimbia yote, ya kusema na ya kuandika.

Binti yake alikuja kumuuguza. Ni mwalimu wa chekechea, mwembamba, mwenye haraka, mtandio kichwani haukai. Siku chache baadaye aliingia dukani kwetu.

"Samahanini mama zangu. Baba kila nikimweka dirishani ananyoosha kidole kwenye mlango huu. Sijui mnamdai?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipotangulia, kama kawaida yake.

"Tumdai nini? Baba yako amekuandikia maneno ya mama yako! Yamo humu ndani, kwenye kompyuta!"

Yule binti alisimama. Kisha akacheka, na alipocheka alinyakua ncha ya mtandio akajiziba mdomo, machozi yanamtoka huku anacheka.

"Ya mama yangu? Baba? Amesema?"

"Jioni kwa jioni," wifi akajibu, naye kafurahi, kaketi wima kama bibi harusi. "Ngoja nikuonyeshe mwanzo wake tu."

Akabonyeza "fundi saa fainali". Likafunguka, herufi kubwa, nzuri, kichwa katikati. KANUNI ZA WAPANGAJI. Moja, ni marufuku kufua nguo kwenye korido. Mbili, mgeni asilale bila mwenye nyumba kuarifiwa.

Mimi niliona. Binti alikuwa upande wa pili wa kaunta, hakuona. Wifi alikizungusha kioo kidogo kuelekea ukutani, polepole, na sauti yake ikatoka kama ya mtu mwingine.

"Halijakaa sawa, mwanangu. Bado kulipanga. Njoo Ijumaa."

"Hata Ijumaa ya mwaka ujao nitakuja," binti akasema, akavuka barabara anakimbia.

Wifi alifungua kila kitu kilichomo humo. Fainali mpya, fainali kabisa, fainali hii hapa. Kwenye kapu la takataka hakuna. Kwenye barua pepe hakuna. Kwenye flashi kulikuwa na nyimbo za marehemu mama mkwe. Tukamwita fundi wa kompyuta, akahangaika mpaka mchana, akavua miwani.

"Lingefutwa tu, tungeweza kubahatisha," akasema. "Lakini hili limeandikwa juu yake, likasevuliwa, na kompyuta ikazimwa. Hata nakala ya dharura hamkuiwasha."

Wifi alikumbuka siku yenyewe. Mwenye nyumba mmoja alikuja na haraka zake anataka kanuni za kubandika mlangoni, zisomeke kwa mbali. Faili la fundi saa ndilo lilikuwa na herufi kubwa zilizokaa vizuri. Akalifungua, akafuta, akaandika. Vidole viwili vikafanya kazi yao.

Aliinamisha kichwa juu ya kibodi akalia mpaka herufi zikajiandika zenyewe kwenye kioo, mstari mzima wa herufi moja. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nilikuambia, sikukuambia? Nikayameza. Kuna wakati kumwambia mtu nilikuambia ni kumpiga aliyeanguka.

"Twende tukamwambie," nikasema.

"Nikamwambie nini? Kwamba baba yake alihangaika kusema kwa miaka yote hiyo, siku aliyosema nikaandika juu yake marufuku kufua nguo?"

"Ndiyo, hivyohivyo."

"Siwezi, wifi. Nitaandika upya. Ni mimi niliyeyachapa, yamepita mkononi mwangu."

"Yamepita mkononi, kichwani je? Wewe unachapa huku unawaza mboga!"

Alijua ninasema kweli, ndiyo maana akakasirika. Mchapaji wa siku nyingi hasikilizi. Neno linaingia sikioni, linatokea kidoleni, katikati halikai. Hata hivyo alishusha mlango wa duka nusu, akaanza.

Na nimsifu panapostahili, alikumbuka mengi kuliko nilivyotegemea. Alikumbuka jinsi walivyokutana, kwamba yule mwanamke alileta saa ya mezani ya kengele kutengenezwa, na mzee alipoifungua akakuta haina ubaya wowote. Akairudisha. Wiki iliyofuata akaileta tena. Alikumbuka kwamba mama huyo alikuwa akivaa viatu vya mumewe ndani ya nyumba akiburuza, na kwamba aliimba vibaya na hakujali. Alikumbuka kwamba jina la mtoto alilichagua kabla hata hajashika mimba, na akawa analiita chumbani peke yake ili kulizoea.

Kisha akafika mahali akakwama. Aliandika, "Alivyokuwa akicheka," vidole vikasimama.

"Hapa alisema kitu kirefu," akaniambia. "Nakumbuka. Alianza hivi, 'Alivyokuwa akicheka,' halafu akasema, akasema, kisha akanyamaza. Nikageuka nikamkuta anatabasamu, macho yamelowa. Nikamwambia endelea, mzee."

"Alisema nini?"

"Ilikuwa siku ya vyeti vya wahitimu. Watu wamejaa mpaka nje. Nilikuwa nawahi." Akajishika shavu. "Wifi, sikumbuki hata neno moja."

Alikaa mbele ya maneno yale mawili mpaka adhana ya alasiri ikapita, na watu wakapita na kopi zao, na mimi nikala peke yangu. Nilipomaliza kunawa nikasikia vidole vinagonga. Nikasogea nikasoma. Alivyokuwa akicheka, alinyakua ncha ya mtandio akajiziba mdomo, kama mtoto anayeficha pipi.

"Hili alilisema?"

"Nadhani."

"Unadhani au unajua?"

"Wifi, niache."

Nilijua limetoka wapi. Limetoka kaunta, kwa binti alipokuwa akicheka. Na mimi redio, mimi mwenye mdomo, pale nilikaa kimya. Nilimwona amechoka, nikajiambia sentensi moja itamdhuru nani?

Ijumaa binti alituomba twende nyumbani, ili baba yake naye asikie. Mlisema mzee mwenyewe alitaka kusomewa, binti akasema, si ndiyo? Tukaenda. Chumba kimoja safi, kitanda karibu na dirisha, saa za ukutani zimesimama zote kwa kukosa mtu wa kuzitia ufunguo. Kwenye kigoda karibu na mto kulikuwa na saa ya mezani ya kengele. Wifi alipoiona alishika fremu ya mlango.

Mzee alitutazama. Upande mmoja wa uso wake ulicheka. Aliinua vidole viwili vya mkono wa kushoto, vimebanana, kama ameshika kibano. Salamu yake ileile.

Wifi alichomeka flashi kwenye kompyuta ndogo ya binti, akarudi nyuma akakaa karibu yangu kwenye ukingo wa kiti. Binti akasoma kwa sauti ya darasani, wazi, bila haraka. Alipofika kwenye saa isiyokuwa na ubaya, mzee alitoa sauti kifuani, kicheko hasa. Kwenye viatu vya kuburuza alifumba macho. Kwenye jina la mtoto binti mwenyewe alishindwa, akanywa maji, akaendelea. Na mimi nikaanza kupumua. Nikasema moyoni, kumbe litapita, Mungu ni mkubwa.

"Alivyokuwa akicheka," binti akasoma, "alinyakua ncha ya mtandio akajiziba mdomo, kama mtoto anayeficha pipi."

Mzee akafumbua macho.

Hakumtazama binti. Alimtazama wifi yangu, moja kwa moja, bila ukali. Alikuwa kama fundi aliyefungua saa akakuta ndani mna kifaa ambacho si cha saa hiyo.

"Baba!" Binti alikuwa amesimama, mkono uko mdomoni na mtandio, ameshajiziba bila kujijua. "Kwa mtandio? Kama mimi? Watoto shuleni wananiigiza, wananicheka kila siku! Bibi ananigombeza, anasema tabia hii nimeiokota wapi! Kumbe nimeitoa kwa mama?" Akapiga magoti kando ya kitanda. "Kweli, baba?"

Mzee alimgeukia mwanawe. Alimtazama muda mrefu. Kisha akaitikia kwa kichwa, mara moja. Ndiyo.

Wifi yangu alinishika mkono, kucha zikaniingia. Nilimtazama nikamwona amekuwa wa rangi ya majivu. Uongo wake alikuwa akiubeba mwenyewe siku zote hizo. Sasa amemtwika mgonjwa asiyeweza hata kusema hapana.

Binti hakuona kitu. Alikuwa na furaha, na furaha ikamfanya awe na haraka.

"Nifundisheni kulitunza," akasema. "Mimi mafaili napoteza kama leso. Hili nikilipoteza nitakufa."

"Mwambie," wifi akaninong'oneza.

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu, na wala si kwa upole.

Akasogea. Akasema, na yale yalikuwa maneno yangu mimi, yale aliyoyapuuza tangu tufungue duka, sasa yanatoka kinywani mwake moja baada ya jingine kama mtoto anayekariri kwa kiboko. Usiliache mahali pamoja. Moja libaki humu, moja kwenye flashi, na flashi usiiweke mkoba mmoja na kompyuta maana mwizi akibeba anabeba vyote. Jitumie na kwenye barua pepe. Ukiwapelekea ndugu, wape la kusoma tu, la sivyo kila shangazi atatia neno lake na mwisho hutajua lipi lilikuwa la kwanza.

"Na kabla ya kuandika lolote jipya juu yake," akasema, sauti ikakatika, "lisevu kwanza kwa jina jingine."

"Jina nalo," binti akasema, vidole tayari. "Hapa limeandikwa fainali. Fainali ya nini, mama?" Akacheka. "Nilipe jina gani?"

Wifi alilisoma lile neno fainali pale kwenye kioo.

"Jina la faili liseme kilichomo," akajibu. "Mtu akiliona tu, ajue ndani kuna nini, hata kabla hajalifungua."

"Basi rahisi." Binti akaandika, huku anatamka. "Maneno ya Baba kuhusu Mama. Hivi? Nimtumie bibi sasa hivi, na shangazi zangu wote?"

Kidole kiko juu. Mzee kitandani, macho yako darini.

"Sivyo," wifi akasema.

"Nimekosea wapi?"

"Jina si la kweli, mwanangu. Hayo si maneno ya baba yako. Ya baba yako niliyapoteza mimi. Niliandika juu yake kanuni za wapangaji nikasevu. Haya ni ninavyokumbuka mimi tu. Mengi ni yake, naapa, saa ni yake, viatu ni vyake. Lakini pale pa kucheka sikukumbuka neno. Lile la mtandio ni langu. Nilikuona wewe dukani."

Binti aliushusha mkono kutoka mdomoni. Aliutazama ule mtandio kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Ulikuwa ukinitazama mimi," akasema.

"Nisamehe."

"Na wewe baba? Umekubali kwa nini?"

Jamani. Mzee alifungua kinywa. Tuliona linakuja, lilikuwa pale, jinsi mkewe alivyokuwa akicheka. Alikuwa nalo mdomoni kabisa. Likatoka sauti tu, ndefu, isiyokuwa na neno. Akajaribu tena. Mkono wa kushoto ukawa unapiga kitanda, unapiga hewa, ukajaribu kuonyesha kitu mbele ya uso wake, duara labda, au kichwa kikirudi nyuma, hatukuelewa. Binti akaushika ule mkono. "Hivi, baba? Alifanya hivi?" Mzee akatikisa kichwa, hapana. "Hivi?" Hapana. Mwisho akaacha, akageuza uso kwenye dirisha.

Binti alimfuta baba yake mdomo kwa taulo, akamnyooshea shuka. Kisha akatusindikiza mpaka mlangoni, kwa adabu zake zote, na hapo ndipo alipomwambia wifi yangu bila kupandisha sauti:

"Mama, ungeniachia hilo moja tu."

Tulivuka barabara tukarudi dukani. Kutwa nzima wifi aliniuliza swali moja, wifi nimefanya vibaya kusema au nilifanya vibaya kuandika. Nilimwambia vyote. Sijui kama ilikuwa kweli. Na mimi niliyesoma sentensi ile nikanyamaza, nilijisikiaje? Vibaya, ndivyo nilivyojisikia, na bado.

Sasa ukija dukani kwetu utaona kioo cha kompyuta ni cheupe. Kila mteja ana folda yake, kila faili lina jina la mtu na la kazi. Kazi mpya inaanza kwenye ukurasa mtupu. Watu bado wanamwita Mama Fainali, na wengine wanamtania wakimwuliza fainali inachezwa lini. Zamani angewajibu mpaka wakimbie. Siku hizi anatabasamu tu na kuwauliza wanataka nakala ngapi, na hilo linaniuma kuliko ugomvi wetu wote.

Juzi barua pepe iliingia kutoka kwa binti. Hakuandika salamu wala neno, alituma faili tu. Jina lake lilisema kilichomo: "Maneno ya Baba kama anavyoyakumbuka mchapaji".

Wifi alilifungua. Hakusoma mwanzo, alishuka mbio mpaka pale. Maneno yapo, Alivyokuwa akicheka, na mkato wake. Baada yake pameachwa wazi, nafasi nyeupe ya kama nusu ukurasa. Kisha habari zinaendelea mpaka mwisho.

Akapeleka mshale kwenye ile nafasi akabonyeza. Hapakutokea kitu. Akabonyeza tena.

"Amelifunga, wifi," nikamwambia. "La kusoma tu."

"Naona," akasema. "Amejifunza vizuri."

Mteja akaingia kuulizia kopi ya kitambulisho, nikainuka kumhudumia. Mashine ilipotulia nilisikia nyuma yangu vile vidole viwili vya mkono wa kushoto vikibonyeza kusevu, vikibonyeza tena na tena.